Matandazo ya Choo cha Sungura wa Nyumbani: Yapi ni Salama na Hayaumizi Mfuko?

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, ameniandikia hivi: "Shikamoo, daktari. Ninafuga sungura wawili ndani ya nyumba ya kupanga, wote majike, kila mmoja ana uzito wa kilo mbili hivi. Wamejizoesha kujisaidia kwenye kona moja, nami nimewawekea hapo beseni lenye maranda ninayopewa bure na fundi seremala wa mtaani kwetu. Siku hizi chumba kinanuka, na mmoja wao ameanza kupiga chafya. Jirani ameniambia ninyunyize majivu. Dukani kuna mchanga wa choo cha paka, lakini bei yake ni kubwa na sina hakika kama unawafaa. Nitumie kitu gani ambacho ni salama na ambacho nitakimudu kila wiki?"

Marahaba. Nianze na chafya, kwa sababu jambo hilo haliwezi kusubiri mpaka tumalize habari ya matandazo. Sungura hupumua kwa pua. Ukimwona anahema kwa mdomo, ujue hali yake imekwisha kuwa mbaya sana. Kwa hiyo chochote kinachokera pua yake, kiwe vumbi au hewa kali ya mkojo, kinamdhuru kuliko kinavyokukera wewe, kwa kuwa wewe umesimama juu ya beseni na yeye amekaa ndani yake. Ondoa maranda hayo leo hii, uweke magazeti na nyasi kavu kwa utaratibu nitakaoueleza, kisha umtazame kwa siku mbili au tatu. Ikiwa chafya ni kavu, anakula vizuri na anapata choo kama kawaida, yawezekana kabisa zikapungua zenyewe baada ya hewa kuwa safi. Lakini ukiona ute mweupe au wa njano puani, au manyoya ya upande wa ndani wa miguu ya mbele yameshikamana kwa sababu anajifutia makamasi, au ameacha kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Sungura wengi huishi na bakteria aitwaye Pasteurella multocida puani bila kuonyesha dalili yoyote, na bakteria huyo hupata mwanya pale njia ya hewa inapochubuliwa na vumbi au amonia. Nakusihi pia usimpe dawa ya maji ya amoksilini iliyobaki baada ya mtoto kuugua. Dawa za jamii ya penisilini zinapoingia kwa njia ya mdomo huvuruga bakteria wa utumbo wa sungura, na zimekwisha kuua sungura wengi ambao ugonjwa wao wenyewe usingewaua.

Sasa tuje kwenye matandazo. Mtu anayetoka kwenye ufugaji wa paka hudhani kwamba choo ni choo, na kwamba kinachomfaa paka kitamfaa sungura. Tofauti ni kwamba paka huenda kwenye choo chake, hufukia, na huondoka. Sungura hukaa. Hupenda kutafuna nyasi huku akijisaidia, hulala ndani ya beseni, hukwangua na kuonja kilichomo, na tena huinama kula kile kinyesi laini kinachotoka mara moja au mbili kwa siku, ambacho ni sehemu ya lazima ya chakula chake. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kuhusu matandazo yoyote ni hili: akiyameza, itakuwaje? La pili ni kama yanatoa vumbi au kemikali itakayoingia puani. La tatu, ambalo watu wengi hulitanguliza, ni kama yanafyonza mkojo. Bei nimeiacha mwishoni kwa makusudi, kwa kuwa vitu vilivyo salama kwa sungura katika mazingira yetu vingi ni vya bei ndogo, na vile vya gharama kubwa mara nyingi ndivyo visivyofaa.

Upate picha ya kazi yenyewe: sungura mzima hutoa mkojo wa wastani wa mililita 130 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ingawa kiasi hicho hupanda na kushuka sana kulingana na chakula na joto. Sungura wako wawili wenye jumla ya kilo nne watakuwa wanatoa takribani nusu lita kila siku. Hakuna matandazo yatakayopokea nusu lita kila siku kwa wiki nzima katika joto la Dar es Salaam yasinuke. Harufu hiyo haitoki kwenye mkojo mbichi. Bakteria huivunja urea iliyomo kwenye mkojo na kuigeuza kuwa amonia, na kazi hiyo huenda haraka zaidi kukiwa na joto na unyevu. Wewe ukiisikia amonia umesimama wima, mnyama aliyelala, pua yake ikiwa sentimita chache juu ya beseni, ameivuta kwa muda mrefu kabla yako.

Kuhusu maranda ya fundi, nakushauri ufanye jambo moja kabla hujabishana nami. Chukua gunia alilokupa, ulimwage juu ya turubai uwanjani, ulichambue kwa mkono. Juu utakuta maranda marefu yaliyojikunja ya mbao za paini, meupe na yenye harufu nzuri, na hayo ndiyo yaliyokufanya ulipende gunia. Ukiendelea chini utakutana na unga mwepesi wa msumeno unaokushika kooni. Kati yake kutakuwa na unga wa rangi ya kahawia hafifu, laini kama wa ngano, unaotoka kwenye zile mbao za kutengenezwa kiwandani kwa chembechembe na gundi. Gundi ya mbao hizo na ya plaiwudi kwa kawaida ina fomaldehaidi, kemikali inayokera njia ya hewa. Huenda ukaona vipande vyenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, navyo vinatoka kwenye mbao za dawa zinazouzwa kwa ajili ya kupaulia, ambazo zimetiwa chumvi za shaba, kromiamu na aseniki ili zisiliwe na mchwa. Msumari mdogo, pini ya bunduki ya seremala, na vumbi la msasa lenye vanishi havikosekani. Fundi hana kosa lolote, kwa sababu amefagia karakana yake na hakukuahidi kwamba ni chakula cha mnyama. Ila sungura wako amekaa juu ya ufagio huo akiutafuna.

Aina ya mti nayo ina maana yake. Maranda ya paini na ya saipresi yakiwa mabichi hutoa mvuke wenye harufu, na mvuke huo ndio unaotufanya tuseme yananukia. Mwaka 1967 ilionyeshwa kwamba panya wa maabara waliolazwa juu ya vipande vya mti mwekundu wa jamii ya mtarakwa walivunja dawa ya usingizi haraka kuliko wenzao, kwa kuwa mvuke huo ulikuwa umeamsha vimeng'enya vya ini. Hilo si jambo la maabara tu. Sungura anayetarajiwa kupasuliwa, kwa mfano kuhasiwa, hupewa dawa za kulala zinazotegemea ini lile lile. Kwa hiyo maranda ya mtarakwa usiyatumie hata kidogo. Ya paini hupungua ukali sana yakikaushwa kwenye tanuri, kwa kuwa joto hufukuza sehemu kubwa ya mvuke huo, lakini mbao nyingi zinazoletwa mjini kutoka mashamba ya Sao Hill, kule Mufindi, huuzwa zikiwa hazijakauka vizuri. Mbao ngumu zetu hazina harufu hiyo ya utomvu, ila zina lake: vumbi la mvule linajulikana kwa kuwapa mafundi muwasho wa ngozi na kifua, na sioni sababu ya kumpa sungura kitu kinachomkohoza mtu mzima.

Kama hata hivyo maranda ndiyo unayoweza kuyapata, tafuta mahali penye mashine ya kuranda inayofanya kazi ya mbao za aina moja zisizo za dawa, uchukue yale yaliyotoka moja kwa moja kwenye mashine na si yaliyofagiwa sakafuni, uyaanike juani kwa siku kadhaa, uyapepete nje kwa ungo mpaka unga wote utoke, kisha uyaweke chini ya tabaka nene la nyasi ili sungura asiyaguse moja kwa moja. Hapo yatakuwa yanavumilika. Unga wa msumeno peke yake usiutumie katika hali yoyote.

Mchanga wa paka nitausemea kwa ufupi. Ule unaogandamana ukilowa hutengenezwa kwa udongo wa bentonaiti, ambao huvimba mara nyingi kuliko ujazo wake unapokutana na maji. Sungura akiumeza utavimba ndani ya utumbo, naye hana uwezo wa kutapika. Aina ya punje za silika zinazong'aa haivimbi hivyo, lakini haikutengenezwa ili iliwe, na nyingi zimetiwa manukato. Kwa hiyo hapa bei imekuokoa: usiununue.

Majivu ya jirani yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ushauri huo umeenea na una sababu yake. Majivu hukausha, na kwenye choo cha shimo yanasaidia kufukuza nzi. Lakini majivu, kama ilivyo chokaa, ni ya jamii ya magadi, yaani yanapunguza asidi. Amonia iliyomo kwenye mkojo hubaki imetulia majini pale penye asidi, na hugeuka kuwa hewa na kupaa pale asidi inapopungua. Ukimwaga majivu juu ya mkojo uliolala siku mbili, unaisukuma amonia itoke kwa wingi zaidi, na inatokea puani pa sungura. Zaidi ya hapo, sungura hana nyama ngumu chini ya nyayo kama ya paka au mbwa; ana manyoya tu yanayoifunika ngozi. Majivu yaliyolowa huichoma ngozi hiyo, nayo ikishachubuka, vidonda vya nyayo huchukua muda mrefu mno kupona. Mwambie jirani asante, na majivu yake myapeleke shambani.

Wafugaji wa kuku watakushauri utumie pumba za mpunga, zile ngumu za nje zinazotoka kwenye mashine ya kukoboa, kwa sababu wao huzitumia bandani na zinapatikana kwa wingi. Kwa sungura hazina sumu, lakini hazifyonzi sana; mkojo hupita katikati yake na kutuama chini. Zina vumbi kali lenye silika, na kwa kuwa huchanganyika na chenga na unga, huvutia panya huko mashineni na sungura naye huzichokora akitafuta wanga. Zinaweza kuwekwa kama tabaka la chini juu ya gazeti, baada ya kupepetwa. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa na maganda ya karanga ningeyakataa moja kwa moja. Punje za gunzi zikimezwa zinaweza kuziba utumbo, na vyote viwili ni makazi ya ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaoathiriwa haraka zaidi na sumu hiyo, nayo haionekani kwa macho wala haiondolewi kwa kuanika. Maganda ya kahawa, ambayo wasomaji wa Moshi na Bukoba huniulizia, yana kafeini, yapelekwe migombani. Machicha ya miwa kutoka kwa wauza juisi huchacha kabla hayajakauka na hukuletea sisimizi chumba kizima.

Usumba wa nazi nauweka kundi la peke yake. Lile vumbi la makumbi, likiwa limekaushwa, hunywa maji vizuri kuliko karibu kila kitu nilichokitaja, na watu wa Tanga, Mafia na Unguja wanalipata bila shida. Kasoro zake ni mbili: likiwa kavu sana hutimka, na nyuzi ndefu zilizobaki ndani yake zinaweza kumezwa au kujifunga miguuni. Ukiweza kulichekecha nyuzi zitoke, na kulinyunyizia maji kidogo sana ili lisitimke, linafaa kukaa chini ya nyasi. Likatae kama limelala nje mvuani, kwa kuwa hupata ukungu.

Sasa nikwambie ninachopendekeza kwa nyumba yako, nacho ni karatasi chini na nyasi kavu juu.

Magazeti ya zamani huuzwa kwa kilo kwenye masoko na maduka kwa ajili ya kufungia bidhaa, na maofisi mengi huyatoa bure. Wino mweusi wa gazeti hutengenezwa kwa masizi na mafuta, na kiasi anachoweza kumeza sungura anayechana kipande hapa na pale hakitishi. Karatasi zinazong'aa za majarida na vipeperushi ziache, kwa kuwa zimepakwa udongo laini juu na hazifyonzi. Ukipata karatasi za ofisini zilizokatwa na mashine, zichambue kwanza uondoe pini na zile risiti za EFD; risiti hizo ni karatasi ya joto iliyopakwa kemikali, na hazina kazi yoyote kwenye choo cha mnyama.

Gazeti lililotandikwa kama lilivyo hulowa juu na kubaki bichi, na nyayo za sungura hukaa kwenye unyevu huo. Ndiyo maana nawashauri wafugaji wenye nafasi watengeneze chembe za karatasi wao wenyewe. Chana magazeti vipande vidogo, yaloweke kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu usiku kucha, asubuhi uyaponde kwa mikono mpaka yawe uji mzito, uyakamue kwa nguvu ndani ya kitambaa au chujio mpaka yasitoe maji tena, kisha uyafikiche vipande vya ukubwa wa punje za maharage na kuyaanika juu ya wavu au turubai kwenye jua kali. Kwa jua la Januari ukitandaza tabaka jembamba yatakauka baada ya siku moja au mbili. Wakati wa masika usijaribu, kwa maana yataota ukungu kabla hayajakauka. Huna haja ya kuongeza magadi soda wala sabuni ya unga wala manukato. Unachopata ni kitu kinachofanana sana na chembe za karatasi zinazouzwa nje kwa ajili ya sungura, na gharama yake ni maji na mikono yako. Trei za mayai za karatasi nazo hulowekwa na kupondwa vivyo hivyo, lakini ziwe mpya. Trei iliyokwisha kubeba mayai inaweza kuwa na kinyesi cha kuku chenye bakteria wa salmonela.

Ukitaka kulinganisha matandazo mawili bila kusikiliza maneno ya muuzaji, fanya jaribio hili jikoni. Jaza kikombe kimoja kwa kila aina bila kukandamiza, umimine robo kikombe ya maji juu yake, usubiri dakika tano, kisha uinamishe kikombe juu ya sahani. Chembe za karatasi zilizokauka vizuri hazitoi kitu, au hutoa matone machache. Pumba za mpunga zitakurudishia sehemu kubwa ya maji yako. Halafu chukua konzi ya kavu, usimame dirishani mahali mwale wa jua unapoingia, uiangushe taratibu ndani ya beseni na utazame mwaleni. Kinachoelea hapo baada ya matandazo kutua ndicho kitakachoingia kwenye mapafu.

Nyasi za juu ni chakula kwanza na matandazo baadaye, kwa hiyo zipimwe kwa kipimo cha chakula. Ziwe zimekauka, zenye rangi ya kijani hafifu au ya majani makavu, na harufu ya shamba. Zikinuka ukungu au zikitoa vumbi jeupe ukizikung'uta, usizitumie hata chini. Wasomaji wa Kenya wana bahati ya marobota ya nyasi za Boma Rhodes yaliyofungwa vizuri. Dar es Salaam wengi hukata ukoka wenyewe na kuuanika, na hilo ni jema, mradi mahali unapoukata hapapigwi dawa ya magugu wala si pa kutembezea mbwa, kwa kuwa kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya tegu ambao mabuu wao huishi kwenye ini na tumbo la sungura. Majani makavu ya mpunga yanafaa kutandika, lakini hayatoshi kuwa chakula, na hayafyonzi kama karatasi.

Beseni liwe kubwa kiasi cha sungura kujigeuza na kujinyoosha, yaani urefu wa sentimita 45 au zaidi kwa mnyama wa kilo mbili. Kwa wawili, nunua kubwa zaidi au weka mawili. Chini tandika magazeti mazima yaliyokunjwa mara kadhaa, juu yake mwaga chembe za karatasi unene wa sentimita mbili au tatu, na juu kabisa weka nyasi za kutosha, ukizilundika zaidi upande mmoja ili wale wakiwa wamekaa humo. Unapobadilisha kutoka maranda, acha konzi moja ya kinyesi kikavu cha zamani juu ya matandazo mapya ili wapatambue. Usipofanya hivyo wanaweza kurudi kwenye kona ya chumba. Kama bado wanamwaga mkojo hapa na pale kuweka alama, tatizo si matandazo. Kuhasi ndiko kunakopunguza tabia hiyo, na kwa majike kuna faida kubwa zaidi, kwa sababu saratani ya mji wa mimba huwapata mara nyingi majike wasiohasiwa wanapofikia umri mkubwa. Uliza kwanza kama daktari wako ana uzoefu wa kulaza sungura kwa dawa, kwa maana si kila mwenye uzoefu wa mbwa anao.

Kuhusu muda wa kubadilisha nitakuwa mkali kidogo. Kila siku ondoa sehemu iliyolowa na uongeze kavu, na angalau kila baada ya siku mbili mwaga vyote uanze upya. Harufu ni sababu moja. Sababu nzito zaidi ni vimelea wa jamii ya Eimeria wanaosababisha koksidiosisi, ugonjwa unaoua sungura wachanga kwa wingi katika mabanda yetu. Mayai ya vimelea hao yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji hewa, joto na unyevu kwa muda wa siku moja hadi nne ili yakomae. Ukitupa matandazo kabla ya muda huo unakuwa umekatisha safari yao, na hakuna dawa ya dukani itakayokufanyia hivyo kwa bei hiyo, kwa kuwa mayai hayo huvumilia dawa nyingi za kuulia vijidudu, ikiwemo klorini. Kinachoyashinda ni maji yanayochemka na ukavu wa jua. Inafuata kwamba matandazo ya bei rahisi unayoyatupa bila kusita ni bora kuliko ya gharama ambayo utayahurumia na kuyaacha yakae wiki nzima.

Beseni likishamwagwa, utaona ukoko mweupe umeshika chini. Huo ni kalisi, ambayo sungura huitoa kwa wingi kupitia mkojo, na ndiyo inayoufanya mkojo uwe mzito na usio angavu hata akiwa mzima. Mimina siki nyeupe ya kawaida, uiache kwa nusu saa, usugue, usuuze kwa maji mengi, kisha umimine maji yanayochemka kama beseni ni la kuyahimili, na uliweke juani mpaka likauke kabisa. Usimwage dawa ya klorini ya kung'arishia nguo juu ya mkojo, kwa sababu ikikutana na amonia hutoa hewa ya kloramini inayochoma mapafu, na usiichanganye na siki, kwa sababu hapo hutoa hewa ya klorini. Kuwa na mabeseni mawili ya kubadilishana kutakurahisishia mambo sana.

Faida nyingine ya karatasi, ambayo maranda hayakupi, ni kwamba unaona rangi. Mkojo wa sungura mzima unaweza kuwa wa njano, wa rangi ya chungwa, au hata mwekundu wa kahawia kwa sababu ya rangi za majani anayokula, na wafugaji wengi hukimbia hospitali kwa hilo bila sababu. Mkojo wenye rangi ya chakula huwa na rangi moja kote. Ukiona matone au mabonge mekundu yaliyotengana na mkojo wenyewe juu ya gazeti, hasa kwa jike mwenye umri wa miaka mitatu na zaidi, hapo mpeleke. Na asubuhi ambayo beseni halina kinyesi kabisa, au kina punje ndogo ndogo tu, ni ya kumpigia daktari simu siku hiyo hiyo.

Akiba yako ya nyasi na karatasi iweke kwenye gunia linalopitisha hewa, juu ya kichanja au kiti na si sakafuni, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nunua kidogo kidogo, na siku yoyote jua likitoka uianike tena kabla ya kuitumia.

Yanayotoka kwenye beseni usiyatupe jalalani kama jirani yako au mwenye nyumba ana bustani. Kinyesi cha sungura ni mbolea nzuri, na kikiwa kikavu kinaweza kutiwa kwenye mchicha bila kuuunguza. Kile kilichochanganyika na karatasi na mkojo kirundikwe kwanza miezi michache kipate kuoza, kwa sababu karatasi mbichi, kama yalivyo maranda, hunyang'anya mimea naitrojeni inapooza udongoni. Kwa kuwa wewe ni mpangaji, ndoo moja yenye mfuniko na matundu machache chini, iliyowekwa kivulini nje, itatosha kwa sungura wawili mpaka mwenye bustani aje kuichukua.